Mahindi Matamu: Mstari Mmoja Kando ya Ua au Mraba wa Mistari Minne?

Mwenye bustani ndogo huvutiwa na mstari mmoja kando ya ua, kwa sababu hauli nafasi na palizi yake ni nyepesi. Hata hivyo, mahindi huchavushwa na upepo: chavua hudondoka kutoka kwenye mbelewele, yaani maua ya kiume kileleni mwa shina, na kila uzi wa ndevu usiopata chavua huacha pengo mahali ambapo punje ingeota. Katika mstari mmoja, chavua nyingi hupeperushwa pembeni na kupotea, na ndiyo maana magunzi yake mara nyingi huwa na mapengo kama kinywa cha kibogoyo.

Mashina yale yale, tuseme 16, yakipandwa katika mraba wa mistari minne, kwa nafasi ya sentimita 30 kwa 75, huchavushana upepo uvumapo kutoka upande wowote, nami ningechagua mraba bila kusita. Asiye na nafasi hiyo atikise mbelewele asubuhi juu ya ndevu kwa siku kadhaa. Kwa mpangilio wowote, mahindi ya kawaida ya jirani yakichanua wakati mmoja na karibu, utamu hupungua.