Kurudi kwa Wayahudi: unabii ulitimia 538 KK au 1948?

Kwa tarehe, Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyewaruhusu Wayahudi kurudi kutoka uhamisho wa Babeli, anaongoza. Yeremia 29:10 inataja miaka 70. Ukihesabu tangu hekalu kubomolewa 586 KK hadi jipya kukamilika karibu 516 KK, inatimia. Ukianzia 605 KK, mateka wa kwanza walipopelekwa Babeli, hadi amri ya Koreshi, 538 KK, unapata 67. Sema basi unahesabu kutoka wapi. Hapo ndipo wengi huteleza. Tangazo la kuundwa kwa taifa la Israeli, Mei 14, 1948, halina andiko lenye hesabu ya wazi namna hiyo.

Kwa upana, 1948 ina nguvu zaidi. Isaya 11:11 yasema kukusanywa "mara ya pili", kutoka Misri, Kushi, hata visiwa vya bahari, si Babeli peke yake. Amosi 9:15 yaahidi kwamba hawatang'olewa tena, ilhali waliorudi na Koreshi uzao wao ulitawanywa na Warumi mwaka 70 na 135 BK. Hoja hii ni nzito, isipitwe haraka.

Lakini Kumbukumbu la Torati 30 laweka toba kabla ya kurudi, na waasisi wengi wa 1948 hawakuwa watu wa dini. Wanaotetea 1948 hujibu kwa Ezekieli 36:24-26: kurudishwa kwanza, kutakaswa baadaye. Hekalu la Ezekieli 37:26-28 bado halijajengwa.

Ukifundisha historia ya Biblia, anza na Koreshi. Ukijadili siku za mwisho, 1948 haikwepeki, ila soma sura nzima.