Kinasi ya panya ya p38 alfa: kazi yake safi, usafiri wake presha

Kama unapima dawa za mimea na unatafuta kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine) ya kuanzia, hii naisifu. Ila nina neno na waliotuuzia.

Hapa Bagamoyo tunachunguza dondoo za mimea ambayo watu wa pwani huitumia kutuliza uvimbe, mwarobaini ukiwemo. p38 ni miongoni mwa vimeng'enya vinavyozisukuma seli zitoe TNF-alfa, kichochezi kikubwa cha uvimbe na homa. Nilichagua ya panya na si ya binadamu kwa kuwa seli zetu za hatua inayofuata, RAW 264.7, ni za panya.

Protini yenyewe imezalishwa kwenye bakteria E. coli, ikaungwa na GST, protini ya ziada ya kurahisisha usafishaji. Kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa uzito ulitoka mstari mmoja safi karibu na kilodaltoni 67, ndivyo inavyopaswa: 41 za p38 na 26 za GST. Iliibandika ATF2, protini ambayo p38 huifanyia kazi, fosfeti bila kusuasua, na tulipotia SB203580, kizuizi chake cha siku nyingi, ikanywea.

Kabla hujalipa, soma lebo mpaka mwisho. Ipo p38 iliyokwisha kuamshwa na MKK6, kinasi nyingine inayoiwasha, yaani ina fosfeti kwenye sehemu zake mbili, Thr180 na Tyr182, na ipo iliyolala. Iliyolala haikupi cha maana mpaka uiamshe mwenyewe, na hiyo MKK6 nayo ni ya kununua!

Sasa usafiri. Barafu kavu ya kuupoza mzigo (kabonidioksidi iliyoganda) ina nyuzi hasi 78 na haiachi maji. Inageuka hewa ikatoweka. Mzigo wetu ulilala wikendi uwanja wa ndege Dar ukingoja karatasi za forodha, halafu foleni ya Tegeta na Bunju. Boksi lilipofunguliwa, vipande vilivyobaki vilikuwa vya kuhesabu. Bahati protini ilikuwa bado imeganda. Mwambieni muuzaji atume Jumatatu, azidishe barafu, na wakala wenu awe na nyaraka mkononi kabla ndege haijatua.

Tena wameimimina yote kwenye kichupa kimoja. Kila ukiiyeyusha na kuigandisha upya nguvu inapungua, kwa hiyo igawe siku ileile, juu ya barafu, kwenye vichupa vya kutumia mara moja, kisha iende friza ya hasi 80. Na friza hiyo iwe na jenereta, umeme wetu mnaujua.

Jambo ambalo karatasi yao ya maelezo haigusi: dondoo ghafi zenye tanini, kemikali chungu za mimea, hushikana na protini yoyote. Kinasi inazimika, nanyi mnashangilia dawa ambayo haipo. Tieni Tween (aina ya sabuni) kidogo na albumini (protini ya kuzinasa tanini) kwenye bufa, yaani kimiminika cha kupimia, kisha rudieni kwa kimeng'enya kisichohusiana na p38. Kikizimika nacho, hiyo ni tanini.

Nyota nne. Nitaagiza tena, ila safari hii nataka kifaa cha kurekodi joto ndani ya boksi.