Shindano la poka la mchana Las Vegas: dola 110 na sweta

Jina la hoteli nalihifadhi kwa sababu nina malalamiko, na pia kwa sababu mashindano haya ya kila siku yanafanana sana hoteli nyingi za katikati ya Strip, ile barabara ya makasino. Anayepanga likizo Vegas na anapenda karata, haya ndiyo niliyoyakuta.

Kiingilio ni dola 100. Pale kaunta kuna karatasi yenye maandishi madogo, isome kabla hujatoa pesa: dola 75 zinakwenda kwenye mfuko wa zawadi, 25 zinabaki kwa kasino. Robo nzima imeshaliwa kabla hujapewa karata! Halafu unaulizwa kama unaongeza dola 10 za wagawa karata. Toa tu. Zinakuletea chipu 5,000 juu ya zile 15,000 za kuanzia, yaani kwa sehemu ya kumi ya bei unapata theluthi zaidi ya mtaji. Kuna watu wawili mezani kwangu walizikataa, na wote wawili waliondoka mapema. Njoo na leseni au pasipoti hata kama una mvi, maana chini ya miaka 21 huingii, na kadi ya uanachama wanakutengenezea bure hapo hapo.

Sasa, kinachoamua shindano hili si karata, ni saa ya ukutani. Kila raundi ni dakika 15, kisha blaindi, yale madau ya lazima ya wachezaji wawili wanaofuata alama ya mgawaji inayozunguka meza, zinapanda. Tulianza na 100 kwa 200. Baada ya saa mbili hivi blaindi kubwa ilikuwa 2,000, na zinapanda bila huruma kama nauli ya Moshi ikifika Desemba. Fanya hesabu: aliyetulia na chipu zake 20,000 akisubiri jozi ya ree sasa ana blaindi kumi tu, na uchaguzi wake umebaki mmoja, kuweka zote au kutupa. Kule kwenye Main Event, shindano kuu la World Series of Poker, yale mashindano makubwa ya poka ya kila mwaka, unalipa dola 10,000, unapewa chipu 60,000 na raundi moja ni saa mbili. Mvumilivu ana nafasi ya kuvumilia. Hapa mvumilivu ananyongwa taratibu huku akiona. Kwa hiyo ukilinganisha mashindano ya hoteli, acha kuangalia kiingilio kwanza. Uliza dakika za raundi.

Ukumbi wenyewe ni wa kusikitisha kidogo. Umetengwa na mashine za kamari kwa kijiuzio tu, kengele zao hazinyamazi, na skrini ya kuonyesha raundi imewekwa mahali ambapo waliokaa kiti cha kwanza na cha pili hawaioni mpaka wageuze shingo. Baridi nayo! Ilikuwa Julai, nje joto limevuka nyuzi 40, ndani mimi dereva wa malori niliyezoea theluji ya Ohio navaa sweta la mke wangu. Vinywaji ni bure, ila mpe mhudumu dola moja kila anapoleta, la sivyo ataipitia meza yenu mbali.

Wagawa karata ndio waliookoa siku. Wepesi, wacheshi, na sheria wanazijua. Kijana mmoja alitaka kupandisha dau, akarusha chipu moja ya 5,000 bila kusema neno. Ikahesabiwa kuwa amefuata tu dau lililokuwepo, si kupandisha, kwa sababu chipu moja kubwa bila kutamka ni kufuata. Alibisha, meneja akaitwa, jibu likawa lile lile. Wageni, tamkeni kwanza, chipu zifuate.

Sheria nyingine itatugusa sisi. Pembeni yangu alikaa Mkenya mmoja, mtu mzima, anaishi Minnesota. Tulipotambuana tukaanza kusalimiana, na mgawaji akatukata kwa upole: karata zikiwa mezani ni Kiingereza tu. Ni sheria ya karibu kila ukumbi Marekani, na ina mantiki, wasije watu wawili wakaambiana walichoshika. Tukasubiri mapumziko.

"Kaka, ile mkono ya kopa ulikuwa nayo kweli, ama ulinipiga mkwara?" akaniuliza tukiwa kwenye foleni ya choo.

"Shindano halijaisha, mzee wangu. Likiisha nitakuambia."

Akacheka mpaka akakohoa. Alitoka wa saba, bila kitu, kwa sababu tulikuwa watu 46 na wanaolipwa ni watano tu. (Nilimpiga mkwara. Nilikuwa na kwini na jeki, kopa ya tano ya kukamilisha mkono haikuja, na yeye alitupa jozi ya kingi.)

Tulipobaki wanne, mama mmoja wa Texas akapendekeza tugawane. Hili linaruhusiwa: meneja anasimamisha saa, anahesabu chipu za kila mtu, na kama wote mmekubali pesa zinagawanywa kwa uwiano. Akikataa mmoja, mnaendelea. Kwa blaindi zilivyokuwa zimepanda, kuendelea kungekuwa ni kurusha shilingi tu, nikakubali haraka. Nilipata dola 640. Kiasi hicho hakina makaratasi. Zawadi ya shindano ikiwa kubwa ndipo fomu ya kodi inapoandikwa, na ndugu zetu wanaotoka Tanzania au Kenya kutembea wajue kwamba nchi zetu hazina mkataba wa kodi na Marekani: asilimia 30 inakatwa pale pale dirishani.

Kama unakwenda kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Julai, tenga jioni moja ukatazame World Series pale Horseshoe na Paris, hoteli mbili zilizounganishwa kwa njia ya ndani. Kutazama ni bure, unasimama nyuma ya kamba. Mwaka 2024 Main Event ilikusanya washiriki 10,112 na Jonathan Tamayo akaondoka na dola milioni 10. Mimi nilisimama pale nikaona watu wanafikiri dakika tatu nzima juu ya karata moja, jambo ambalo katika shindano langu lingemaliza sehemu ya tano ya raundi.

Alama zangu: wagawaji 9 kwa 10, ukumbi 4, muundo wa shindano 5. Kwa burudani ya saa tano kwa dola 110, katika mji ambao mashine inaweza kumeza kiasi hicho kabla soda haijafika, silalamiki sana. Hoteli hiyo hiyo ina shindano la saa kumi na mbili jioni, dola 150, raundi za dakika 30. Nikirudi nitacheza hilo, na Mama Neema ameshasema saa hizo nisimtafute, yeye atakuwa Grand Canyon na wenzake.