Uzi wa akriliki niliofumia sweta la mtoto: uzoefu wangu

Mwezi wa tano mdogo wangu anayeishi Kasulu alinipigia simu. Asubuhi kulishaanza kuwa na baridi, na sweta la mwanawe wa miaka minne lilikuwa limemwishia viwikoni. Hapa Kigoma mjini, Mwanga ninapokaa, sweta hulikumbuki, ila kule milimani mtoto haendi chekechea bila kujifunika.

Nikanunua uzi wa akriliki, yaani uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, madonge ya gramu 100, bluu iliyokolea. Muuzaji alinipunguzia bei nikachukua mawili. Hapo ndipo nilipokosea.

Kwanza nieleze uzuri wake. Uzi ni laini kweli. Mtoto aliwahi kuvalishwa sweta la mtumba la sufu akalia linamwasha shingoni; hili alilivaa, akajipapasa kifua, akasema, "Mama mkubwa, haliniwashi." Nimelifua mara nne kwa maji ya uvuguvugu na halijapungua. Sufu ukiikosea kwa maji ya moto inajisokota na kuwa ndogo, na kwa mama mwenye ndoo moja ya kufulia nguo zote hiyo ni hasara. Ubaya wake ni kwamba kwapani umeanza kutoa vipele vya uzi.

Nilifumia sindano za marehemu mama, namba 8. Wanaoanza waelewe kuwa namba hizo za zamani za Kiingereza zinakwenda kinyume: 8 ni milimita 4, na 10 ni nyembamba zaidi, milimita 3.25. Nilifuma kwanza kipande cha majaribio, nikapata vitanzi 22 kwa sentimita 10. Kifua cha mtoto ni sentimita 58, nikaongeza 6 apate nafasi ya kupumua na kukua. Jumla 64, nusu yake 32, kwa hiyo vitanzi 70 mbele, 70 nyuma. Msiruke kipande cha majaribio, jamani. Mkono wa mtu mmoja unakaza, wa mwingine unalegea, na tofauti ya vitanzi viwili tu inaweza kutoa sweta la mtoto mwingine kabisa. Shingo nayo iacheni pana, maana kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko tunavyodhani.

Uzi uliniishia katikati ya mkono wa pili. Nikarudi dukani, nikapewa donge nikahakikishiwa ni rangi ileile. Usiku kwenye taa sikuona kitu. Asubuhi nilipolitoa uani, ile nusu ya mkono ilikuwa imepauka kama ya nguo nyingine. Roho iliniuma. Kumbe kila mkupuo wa rangi kiwandani una namba yake kwenye lebo, na donge langu jipya lilikuwa na namba tofauti. Nikafumua mikono yote miwili, nikairudia kwa uzi wa zamani hadi karibu na kiganja, kisha zile kingo za mikono na shingo nikazifuma kwa uzi mpya. Sasa linaonekana kama nilikusudia. Kwa umri huo nunueni madonge matatu kwa mpigo.

Jambo ninaloliogopa zaidi ni moto. Akriliki inayeyuka na kuganda kwenye ngozi, tofauti na sufu ambayo haishiki moto upesi. Watoto wa Kasulu asubuhi wanaota moto jikoni, karibu kabisa na mafiga. Ndiyo maana kingo za mikono nilizibana, sikuacha hata uzi mmoja ukining'inia, na nimemwambia mdogo wangu kwamba mtoto akikaa karibu na moto avuliwe sweta. Pasi pia msiipitishe juu yake. Mkilifua, litandazeni mkekani kivulini. Kwenye kamba linavutika.

Uzi huu nautumia tena. La dada yake nimeshalianza, madonge matatu ya rangi ya zambarau, na namba za lebo nilizisoma zote tatu kabla sijatoa hela.