Santorini au Pantelleria: kiangazi bila haraka

Visiwa vyote viwili ni vya volkano, na kote mizabibu huachwa mifupi ili upepo usiiangamize.

Santorini, Ugiriki, ina ukingo usio na mfano wa kaldera, yaani shimo kubwa lililoachwa na mlipuko wa volkano. Wakulima husuka matawi ya mzabibu wa Assyrtiko yakawa kikapu juu ya udongo wa majivu. Chuchumaa uchungulie, utaona vishada vimejificha ndani. Lakini Julai na Agosti meli hushusha maelfu ya watu, na vichochoro vya kijiji cha Oia havipitiki jioni. Anayetaka utulivu alale kijiji cha Pyrgos, aamke alfajiri.

Pantelleria, Italia, iko karibu zaidi na Tunisia kuliko Sisilia. Hapa kila mzabibu wa Zibibbo hupandwa ndani ya kishimo, ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2014 kuwa urithi wa utamaduni. Agosti zabibu huanikwa juani mpaka zinyauke, zitengenezewe divai tamu iitwayo passito. Usitarajie fukwe za mchanga: utaogelea kwenye miamba myeusi, au utajipaka tope la ziwa Specchio di Venere, ukae hadi likauke mwilini. Kwa wiki nzima, mimi ningekwenda huku.