Kilisun ya Moshi: losheni nzuri, lakini inahitaji shati la mikono mirefu

Kwa mtu mwenye ualbino losheni ya jua ni dawa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya watu wenye ualbino na wengine ambao ngozi zao haziwezi kurekebisha madhara ya jua. Kwa hiyo Kilisun hatuipimi kwa harufu wala kwa urembo wa kopo. Tunauliza maswali ya dawa: inazuia nini, inatosha kwa muda gani, na mgonjwa anaipataje.

Inatengenezwa Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, ambako pia kuna kituo cha kanda cha kufundisha madaktari wa ngozi. Mradi huu ulianzishwa na mfamasia Mhispania, Mafalda Soto, na umeungwa mkono na BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani. Baadhi ya wanaoitengeneza wenyewe wana ualbino. Haiuzwi dukani. Hugawiwa bure, kliniki na kwenye huduma mkoba zinazofika wilayani, pamoja na uchunguzi wa ngozi na mafunzo ya matumizi. Hilo la mafunzo ndilo linaloipa nafasi ya juu kwetu kuliko chupa ghali za famasi, kwa sababu losheni ya jua ikipakwa vibaya ni sawa na hakuna.

Kilisun inayojulikana zaidi ina SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya mionzi ya jua inayounguza ngozi). Wapo wanaodharau namba hiyo wakitafuta 50 au 100. Ukweli ni kwamba SPF 30 iliyopakwa sawasawa huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza ngozi, na SPF 50 huzuia takriban 98. Tofauti kubwa iko kwenye kiasi. Namba ya kwenye kopo hupimwa maabara kwa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Watu wengi hupaka nusu ya hapo, au pungufu, na kinga inashuka vibaya: aliyebana matumizi ya SPF 50 analindwa kidogo kuliko aliyepaka SPF 30 ya kutosha.

Kiasi cha kutosha kwa mtu mzima ni hiki: kijiko kimoja cha chai kilichojaa (mililita 5) kwa uso, masikio na shingo, kijiko kimoja kwa kila mkono, viwili kwa kila mguu mzima. Paka dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, acha ishike, usiisugue mpaka ipotee. Rudia kila baada ya saa mbili, na mara moja ukishatoka jasho jingi au kujifuta kwa taulo.

Sasa piga hesabu. Mtu aliyevaa fulana na kaptura atahitaji vijiko 5 kwa mpako mmoja: kimoja juu, viwili mikononi, viwili chini ya magoti. Hiyo ni mililita 25. Mara tatu kwa siku ni 75, na kopo la mililita 100 linaisha kesho yake. Mtu yuleyule akivaa shati la mikono mirefu, suruali na kofia pana, kilichobaki wazi ni uso, shingo na viganja kwa nyuma, kijiko kimoja na nusu tu. Kopo lilelile linamfikisha siku ya nne au ya tano. Bado ni kidogo, na hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa Kilisun na wa losheni nyingine yoyote: katikati ya mgao mmoja na mwingine, kopo linaweza kuisha. Nguo haziishi. Ndiyo maana nguo ni za kwanza, losheni ni ya sehemu ambazo nguo hazifiki.

Nguo nazo zina ubora tofauti. Inua kitambaa kwenye mwanga. Ukiona vitobo vya mwanga, jua linapita. Fulana nyeupe nyepesi ni kinga duni, na ikilowa jasho inazidi kudhoofika. Jinzi, hata ya mtumba, na kitenge kizito cha rangi iliyokolea ni bora zaidi. Kofia iwe pama yenye ukingo wa sentimita 8 au zaidi kuzunguka kichwa chote. Kapelo inaacha masikio na kisogo wazi, na saratani nyingi za ngozi kwa watu wenye ualbino hutokea kichwani na shingoni. Shule inayomvua mwanafunzi mwenye ualbino kofia kwa sababu ya sare inamdhuru. Mzazi aende na barua ya daktari.

Losheni inaharibika pia. Chini ya bati, kando ya dirisha au ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto huitenganisha mafuta na maji, na kinga haitabiriki tena. Iweke kivulini, juu ya sakafu ya baridi. Ikibadilika harufu au ikiwa na mabonge, acha. Usiichanganye na mafuta ya nazi au ya mgando ili idumu: unapunguza vichujio vya mionzi na kuvunja utando unaokinga ngozi. Kama ngozi ni kavu, paka mafuta kwanza, subiri yanywewe, ndipo upake Kilisun. Wala isigawanywe kwa nyumba nzima. Ndugu wenye ngozi nyeusi wana kinga yao ya asili, mwenye ualbino hana.

Midomo husahaulika kuliko sehemu zote, nayo inahitaji mafuta ya mdomo yenye SPF. Mtoto chini ya miezi sita akae kivulini na nguo, bila losheni.

Epuka jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni kadiri kazi inavyoruhusu. Baridi isikudanganye. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mionzi ni mikali kuliko pwani hata kama unavaa sweta, kwani huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Mawingu nayo hupitisha sehemu kubwa.

Kwa mwenye ualbino anayeishi Tanzania, Kilisun ndiyo chaguo letu la kwanza. Ulizia KCMC au tawi la karibu la Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania lini huduma mkoba itafika kwenu. Kenya kuna mgao wa serikali kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Ukilazimika kununua, tafuta SPF 30 au zaidi yenye alama ya UVA (mionzi ya jua inayopenya ndani zaidi ya ngozi) ndani ya duara, na uachane na krimu za kung'arisha zilizoandikwa SPF 15.

Na ukienda kuchukua kopo, vua kofia, ukaguliwe. Gamba gumu lisilobanduka, au kidonda kisichopona kwa wiki nne, hakitibiwi kwa losheni. Kikiwa kidogo hugandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika, ambayo ni baridi kali, au hukatwa, na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo.