Kozi ya historia ya Wahehe kwa watu wazima, Iringa mjini

Jamani hii kozi ya jioni ni nzuri kinoma, walimu walikaa kwanza na wazee wa Kalenga ndo wakaandaa masomo, sio kukopi vitabu tu. Vita ya Lugalo ya 17 Agosti 1891 wameichambua vizuri, Wahehe walivyovizia vichakani mpaka Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akauawa, afu tukapelekwa Kalenga kuona fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, bibi mmoja wa darasani kwetu akaanza kusimulia aliyosikia kwa babu yake, mwalimu akanyamaza akatoa daftari akawa anaandika yeye. Hapo nawapa maua yao. Ila makaratasi wanayogawa maandishi madogo mno, wazee wanahangaika, na habari za wanawake wa enzi zile wamezigusa kidogo sana, waongeze.